Msasi, Uta na Mwito

Kiswahili kina maneno mawili ya kumtaja mtu aingiaye porini kutafuta mnyama. La kwanza ni msasi, la pili ni jangili. Msasi alikuwa mtu wa sifa. Wazee walimsimulia, watoto walimngoja jioni, na nyama yake iligawiwa kwa kanuni. Jangili ni mtu wa kutafutwa na askari. Hata hivyo, mara nyingi watu hawa wawili wamekuwa mtu mmoja, mwenye uta ule ule na njia ile ile ya porini. Kilichobadilika kwanza ni sheria, kisha silaha, kisha soko, na mwisho neno.

Katika makala hii tunakusudia kueleza mabadiliko hayo kwa kufuata ufundi mmoja tu wa wasasi wa mshale, nao ni ufundi wa kumwita mnyama kwa sauti mpaka akaribie. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni elimu ya sauti, na kwa hiyo iko jirani na kazi yetu sisi walimu wa lugha. Pili, ndio ufundi unaouliza swali gumu kuliko yote, maana mnyama anayeitwa mara nyingi huja kwa kudhani kuwa mtoto analia. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msasi aliujua uchungu huo, akautumia. Je, tumhukumuje?

Sisi tunaofundisha Kiswahili mjini Bujumbura tunaona haja ya pekee ya kulijibu swali hili. Wanafunzi wetu wengi huzungumza Kirundi nyumbani, na wale wa Buyenzi hukua na Kiswahili tangu mitaani. Jangili wanalifahamu, msasi ni lazima waelezwe. Neno moja limebaki na jingine linatoweka, nalo linatoweka pamoja na elimu yake.

MANENO YA KAZI

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Silaha ya msasi huitwa uta, na wingi wake ni mata. Neno hili ni kongwe mno. Wabemba wa Zambia husema ubuta, na Washona wa Zimbabwe husema uta kama sisi. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihesabu miongoni mwa maneno yaliyokuwapo kabla lugha hizi hazijatengana. Upinde, neno linalotumika zaidi siku hizi, limetokana na kitendo cha kupinda. Kamba yake ni upote. Mti wa mshale ni wano, ncha yake ni chembe, na mfuko wa kuhifadhia mishale ni podo. Hapa Burundi Warundi husema umuheto kwa uta, guhiga kwa kuwinda, na umuhigi kwa msasi.

Muhimu zaidi kuliko majina ya vifaa ni vitenzi. Uta una mpaka wake. Mshale haufiki mbali kama risasi, nao ukifika mbali hupoteza nguvu na shabaha. Katika mbuga msasi hutaka kuwa hatua ishirini au thelathini tu kutoka kwa mnyama, na katika msitu mnene hukaribia zaidi. Basi kazi yake kubwa ilikuwa kuufupisha mwendo ulio kati yake na mawindo, na kupiga kulikuja mwisho. Kiswahili kinatupa vitenzi vinne kwa kazi hiyo: kuvizia, kunyemelea, kufukuza na kuita. Mwanafunzi akivielewa vinne hivi kwa tofauti zake, ameelewa historia nzima ya uwindaji wa mshale.

KUVIZIA, KUNYEMELEA NA KUFUKUZA

Kuvizia ni kukaa mahali na kumngoja mnyama aje kwa haja yake mwenyewe. Wahadzabe, wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ni mabingwa wa njia hii. Wakati wa kiangazi, maji yanapobaki mahali pachache, hujificha usiku karibu na kisima au dimbwi na kungoja. Mata yao ni marefu na magumu kuvuta, na mishale yao ya wanyama wakubwa hupakwa sumu. Mnyama akichomwa hafi pale pale. Msasi hamkimbizi, humwacha aende, hurudi kambini, kisha huwachukua wenzake wafuate nyayo na damu mpaka walipoangukia mawindo.

Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Waefe huvizia kwa namna nyingine. Watu hawa ni wasasi wa uta na mshale ambao wameishi kwa ujirani wa muda mrefu na wakulima wa Kilese, wakipata kwao chuma cha vyembe na vyakula vya shamba. Mti wa msituni ukianza kuangusha matunda, Mwefe hujenga kiti kidogo cha fito juu ya mti wa jirani. Alfajiri au jioni hukaa pale bila kujitikisa, akiwangoja paa wadogo wanaokuja kula matunda yaliyoanguka. Njia hii wao huiita ebaka.

Kunyemelea ni kumwendea mnyama polepole bila yeye kujua. Hapa adui wa msasi si macho ya mnyama peke yake bali ni pua. Upepo ukitoka mgongoni mwa msasi, kazi imekwisha kabla haijaanza. Ndipo wakasema kwamba simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Na tungeweza kuongeza kwamba simba huyo pia huenda akiwa na upepo usoni.

Kufukuza ni kazi ya wengi. Waefe huiita mota. Wanaume wenye mata hujipanga kwa kujificha, huku mwenzao akiingia msituni na mbwa upande wa pili na kupiga kelele. Mbwa wa huko hawabweki kama mbwa wa kwetu, na kwa hiyo huvishwa kengele za mti shingoni ili wasasi wajue walipo. Paa aliyeshtuka hutoka mbio na kupita mbele ya mishale. Nyama hugawanywa kwa kanuni: mwenye mshale wa kwanza ana fungu lake, aliyesaidia kwa mshale wa pili ana lake, na mwenye mbwa naye hasahauliwi. Twaona basi kwamba mawindo ya mshale yalikuwa na sheria zake kabla ya sheria ya serikali yoyote.

KUITA

Sasa tufike kwenye kitenzi cha nne. Katika misitu ya Kongo na nchi zilizo magharibi yake, wasasi wengi hujua kuwaita paa wa msituni. Paa hao ni wa aina nyingi. Aliye mdogo zaidi kati ya wale wanaojulikana sana ni yule ambaye Kiswahili cha Kongo humwita mboloko, mnyama wa kilo 4 hadi 6 tu, mwenye rangi ya moshi. Wengine hufika kilo 20, na aliye mkubwa kuliko wote, mwenye mstari wa manjano mgongoni, hufika kilo 60 na zaidi.

Namna ya kuita ni hii. Msasi huchagua mahali penye uficho, penye kichaka au mizizi mikubwa, lakini pawe na uwazi kidogo wa kumwezesha kuona. Huutazama upepo. Kisha huchutama, hubana pua kwa vidole, na kutoa sauti nyembamba ya puani, ya kuvuta, inayotetemeka kidogo mwishoni. Hunyamaza. Hungoja. Hurudia mara chache, kisha hunyamaza tena. Asipopata jibu huhama kwenda mahali pengine, kwa maana mboloko huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo dogo wanalolijua. Walio mbali hawataacha kwao kuja kusikiliza.

Kwa nini paa huja? Wasasi wengi husema kwamba sauti ile ni kilio cha mtoto aliyepatwa na hatari, na wataalamu wa wanyama nao wameieleza hivyo. Paa hawa huzaa mtoto mmoja kwa kila mimba, nao humficha majanini wakati wazazi wakienda kula. Mtoto hana silaha ila sauti yake. Akilia, mkubwa aliye karibu hukimbilia. Ndiyo maana paa ambaye kwa kawaida hukimbia akisikia jani likivunjika, safari hii huja mbio kuelekea kwenye hatari yenyewe.

Ni rahisi kuona kwamba kazi hii ni ngumu zaidi kwa mwenye uta. Uta wataka mikono miwili, na pua iliyobanwa imechukua mmoja. Basi ama wasasi wawe wawili, mmoja aite na mwenzake awe ameshaweka mshale, ama mwitaji aache kuita, atwae silaha na kuivuta bila kuonekana, huku mnyama akiwa karibu na masikio wazi. Mara nyingi mnyama hugundua hila na kugeuka. Kuita hakukuwa dhamana ya kula.

Ufundi wa namna hii haukuwa wa Afrika peke yake. Katika misitu ya baridi ya Kanada yuko mnyama mkubwa mwenye pembe pana, ambaye Wafaransa wa huko humwita orignal. Wenyeji wa nchi hiyo, kama vile Wamikmaki na Wakrii, walikunja ganda la mti likawa baragumu, nao katika majira ya kupandana, yaani Septemba na Oktoba, waliiga sauti ya jike ili dume lije. Tofauti yafaa kuangaliwa. Msasi wa Kanada alimdanganya mchumba; msasi wa msitu wetu alimdanganya mzazi.

MTOTO NA MAMA MBELE YA SHERIA

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Watu wengi wakisikia habari ya kuigiza kilio cha mtoto husema mara moja kwamba huo ni ukatili. Hatuna haraka ya kuwapinga, wala ya kukubaliana nao. Yafaa kwanza tuangalie jinsi mataifa yalivyoamua juu ya wanyama wachanga na mama zao.

Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa serikali za Ulaya zilizokuwa na makoloni barani Afrika, pamoja na wajumbe wa Dola Huru la Kongo, walitia sahihi mjini London mapatano ya kulinda wanyama wa Afrika. Mapatano hayo yalitaka pawe na marufuku ya kuua watoto wa aina fulani za wanyama, na ya kuua majike wa aina fulani wakiwa na watoto wao. Yalitaka pia nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yawekewe mipaka. Mapatano ya 1900 hayakupata nguvu kamili kwa kuwa serikali nyingi hazikuyathibitisha, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za makoloni, na yakafuatwa na mapatano mengine ya London mwaka 1933.

Kwa juu juu, sheria hizo zilikuwa zikimlinda mama na mtoto. Lakini tuangalie ziliwagusa nani. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Burundi ilihesabiwa ndani yake, Gavana Hermann von Wissmann alikwisha kutoa amri ya uwindaji mwaka 1896, yaani mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajaweka kituo cha kijeshi hapa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura. Amri hiyo ilileta hati za kuwinda zenye kulipiwa, na sehemu ambazo uwindaji ulizuiwa. Mwenye fedha na bunduki aliweza kupata hati. Mwenye uta na njaa hakuwa na fedha ya hati. Tangu siku hiyo uwindaji uligawanyika: kwa mmoja ukawa mchezo wa heshima, kwa mwingine ukawa kosa.

Wala haikuwa kweli kwamba watu wa misituni hawakuwa na sheria kuhusu watoto. Kwa Wambuti wa Ituri iko miiko inayoitwa kuweri: wazazi wenye mtoto mchanga hujizuia kula nyama za aina kadha wa kadha, kwa kuamini kwamba zitamletea mtoto wao maradhi. Hatusemi kwamba mwiko huu uliwekwa ili kuhifadhi wanyama. Twasema tu kwamba katika fikira za watu hao mtoto wa binadamu na mnyama wa msituni walikuwa wamefungamana, na kwamba kuua na kula havikuwa mambo ya kufanywa bila kufikiri.

Tena suala la wanyama wachanga si jepesi hata kwa mataifa ya leo. Huko Sweden na Finland, uwindaji wa yule mnyama mkubwa wa kaskazini huendeshwa kwa hesabu, na sehemu kubwa ya wanaouawa kila mwaka ni ndama. Sababu yao ni kwamba ndama wengi wangekufa vyovyote kabla ya kukua, na jike mzima akiachwa atazaa tena. Jambo ambalo mapatano ya 1900 yaliliita kosa kwa Afrika, kwa wengine ni busara ya kuhifadhi. Lakini hesabu hiyo haiwezi kuhamishwa kuja kwetu bila kupimwa. Paa wa msituni anayeitikia kilio ni mkubwa mwenye kuzaa, naye huzaa mmoja mmoja. Akichukuliwa yeye, amechukuliwa pamoja na watoto wa miaka inayofuata. Basi mwito ni silaha kali, na usalama wa msitu ulitegemea udhaifu wa kile kilichoandamana nao, yaani uta.

WATU WA UTA WALIVYOSHITAKIWA

Mfano unaojulikana zaidi wa msasi kugeuzwa jangili ni wa Wawaata wa Kenya, ambao majirani wamewaita Waliangulu, na watu wa pwani Wasanye. Hawa waliishi nyuma ya Malindi kuelekea nyika za Tsavo, na walijulikana kwa kuwinda tembo kwa mshale. Mata yao yalikuwa na nguvu za ajabu. Mengi yalihitaji mvuto wa zaidi ya ratili 100. Mishale ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti ambao Kiswahili huuita msunguti. Msasi alimkaribia tembo kwa miguu mpaka akawa hatua chache tu kutoka kwake.

Mwaka 1948 nchi yao kubwa ya kuwindia ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Mnamo 1956 na 1957 askari wa wanyamapori, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, walifanya msako mkubwa, na wasasi wengi wa Kiwaata wakafungwa. Haki inatutaka tuseme kwamba shtaka halikuwa la uongo: pembe zilikuwa zikiuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani, na tembo waliuawa kwa ajili ya soko lililokuwa mbali sana na chungu cha msasi. Lakini waliofungwa walikuwa zaidi wale wenye mata kuliko wale wenye mizani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango katika bonde la mto Galana uliokusudia kuwapa Wawaata nafasi ya kuwinda kwa kibali na kwa hesabu. Mpango huo haukurudisha maisha yao ya zamani. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori nchini kote.

Historia ina kejeli zake. Sumu za mishale ambazo sheria zilizichukia ziliingia katika hospitali za Ulaya. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alisafiri na Livingstone katika bonde la Zambezi tangu 1858. Huko aliona kwamba sumu ya mishale itokanayo na mmea wa kombe ilibadilisha mapigo ya moyo wake, baada ya chembechembe zake kugusa mswaki wake. Kutokana na mmea huo ilipatikana dawa ya moyo. Elimu ya msasi ilipochukuliwa na maabara iliitwa sayansi. Ilipobaki katika podo iliitwa ushenzi.

Karibu na kwetu, ng'ambo ya mto Rusizi, Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na katika miaka hiyo ya 1970 Wabatwa waliokuwa wakiishi na kuwinda ndani yake waliondolewa. Hapa Burundi msitu wa Kibira ulifanywa hifadhi katika ukoloni wa Kibelgiji, na tangu 1980 umekuwa chini ya utaratibu wa hifadhi za taifa. Hatukatai hifadhi, msitu wa Kibira ndio mama wa mito yetu mingi. Tunasema kwamba mtu aliyetolewa msituni hutoka na lugha ya msitu, na asipopata wa kumrithisha, hufa nayo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona sehemu ya ukweli huu ilipoamua, tarehe 26 Mei 2017, kwamba Waogieki wa msitu wa Mau nchini Kenya walivunjiwa haki zao, zikiwamo haki za ardhi, dini na utamaduni.

BUNDUKI, WAYA NA KURUNZI

Ingekuwa kosa kumaliza hapa, kana kwamba msasi hana lawama na sheria ndiyo mbaya. Mambo matatu yameubadilisha uwindaji wenyewe.

La kwanza ni bunduki. Mwito uliokuwa umefungwa na udhaifu wa uta umepata mshirika asiye na udhaifu huo. Mwenye bunduki akimwita paa hahitaji mwenzake, wala hahitaji kungoja mnyama asimame. La pili ni waya. Mtego wa waya hauiti, hauvizii, haunyemelei. Hukaa tu usiku na mchana, nao haumtambui mwenye mimba wala mtoto. Mtu anaweza kutega mitego mingi bila kujua hata mnyama mmoja analiaje. La tatu ni kurunzi. Mwanga mkali humduwaza paa usiku akasimama tuli, na ufundi wa upepo, nyayo na sauti ukawa hauna kazi.

Juu ya hayo yote limekaa soko. Nyama iliyogawanywa kwa mwenye mshale wa kwanza, mwenye mshale wa pili na mwenye mbwa, ilikuwa na kikomo, maana matumbo ya kambi yana kikomo. Nyama inayopakiwa kwenye gari kwenda mjini haina kikomo ila bei. Hapo ndipo msitu unapoweza kubaki na miti yake huku wanyama wake wamekwisha.

Basi tunaweza sasa kulijibu swali letu. Msasi aliyeigiza kilio cha mtoto alitumia hila, na hila hiyo ilikuwa kali. Lakini ilimlazimu kujifunza mnyama anavyoishi, anavyozaa, anavyosikia na anavyoogopa. Ilimlazimu kukaribia mpaka amwone usoni. Na mara nyingi ilimrudisha nyumbani mikono mitupu. Jangili wa kweli ni yule aliyeachana na mipaka hiyo yote na kubaki na kuua peke yake. Tofauti kati yao haimo katika hati ya serikali tu. Imo katika kujua, katika kikomo, na katika kugawana.

WAJIBU WA MWALIMU

Wenzetu watauliza: mambo haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yanamhusu kwa njia tatu.

Kwanza, ni wajibu wetu kuyalinda maneno. Uta, upote, wano, chembe na podo yasiachwe yafe kwa kuwa watoto wa mjini hawayaoni. Vitenzi vinne tulivyovitaja vinafaa sana darasani: mwanafunzi aulizwe tofauti ya kuvizia na kunyemelea, atunge sentensi, aeleze ni kitenzi kipi kinahitaji miguu na kipi kinahitaji subira. Wanafunzi wa Burundi waombwe kuwauliza wazee wao maneno ya Kirundi yanayolingana na hayo, kisha wayaweke bega kwa bega.

Pili, ni wajibu wetu kutotumia neno jangili ovyo. Tukisoma habari ya mtu aliyekamatwa porini, tuwafundishe wanafunzi kuuliza: alikuwa na silaha gani, nyama ilikuwa ikienda wapi, na nani alikuwa akiingojea? Maswali hayo matatu yatawafundisha lugha na uadilifu kwa wakati mmoja.

Tatu, tuwaambie kwamba elimu ya kuita haikwishi kazi uwindaji ukizuiwa. Katika misitu ya Afrika ya kati watafiti wamewatumia wasasi wajuao kuita ili kuhesabu paa. Msasi huchutama, hubana pua, hulia kama mtoto, paa hujitokeza, mtafiti huandika, na paa huenda zake. Bila hesabu ya namna hiyo ni vigumu kujua kama msitu umejaa au umebaki mtupu, maana paa wa msituni hawahesabiki kwa ndege wala kwa darubini.

Ni watu wachache walio na sauti hiyo, nao wengi ni wazee. Wakiondoka bila kuirithisha, hakuna kitabu kitakachoweza kuifundisha, kwa sababu haiandikiki kwa herufi zetu. Sisi tuliopewa kazi ya kulinda lugha hatuwezi kusema kwamba jambo hilo si letu. Tunawaomba walimu walio karibu na misitu, wa Kibira na Ruvubu, wa Ituri na Kivu, wa Mau na Eyasi, wakusanye maneno na mafumbo ya wasasi kabla hayajapotea, na kuyaleta katika kurasa kama hizi ili tuyasome pamoja.